Kilo za Chawia na Misumari ya Mzee Nini

Siku niliyoona kompyuta ikijumlisha kabichi za watu wa Bura peke yake, na kuziruka za watu wengine wote bila kukosea, nilipiga kelele hadi askari wa geti akaja mbio na rungu. Alifikiri nyani wameingia stoo tena.

"Wako wapi, Mama Risper?" akauliza, macho yakizunguka juu ya magunia.

"Huku hakuna nyani! Njoo uone maajabu!"

Akatazama kioo cha kompyuta, akanitazama mimi, akarudi getini akitikisa kichwa. Sikumlaumu. Yeye hakuwahi kukaa jioni na jioni akijumlisha mboga kwa kalamu hadi vidole vikafa ganzi.

Nanyi vijana msinicheke. Najua mtu akiwatajia SUMIF, ile fomula ya kompyuta, mnapiga miayo, mnasema hiyo tulifundishwa zamani. Mimi nimestaafu, nimekaa kwangu hapa Voi na kuku wangu, lakini nikikumbuka ile fomula moyo bado unaruka. Ngojeni niwaeleze kwa nini, na niwaeleze pia jinsi hiyo hiyo fomula ilivyokaribia kuifuta Chawia nzima kwenye ramani yetu.

Nilikuwa karani wa mizani katika stoo ya ushirika wa wakulima wa mboga. Baba yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, nikazaliwa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa hapa mjini, na lugha ya Kidawida nilikijua kwa kuwapimia watu wa milimani kabichi zao. Lori moja lilipanda Chawia, likapita Bura, likateremka Mwatate hadi kwetu Voi. Lingine lilitoka upande wa Taveta, likibeba ndizi na vitunguu vya Chala. Kila mzigo ulipimwa huko ulikotoka, ukaandikiwa karatasi ndogo: mahali, aina ya mboga, uzito. Kazi yangu ilikuwa kujua, mwisho wa juma, kila mahali pameleta kiasi gani. Ofisi ilipanga safari za lori kwa hesabu hiyo. Palipoleta vingi palifikiwa mara nyingi, na palipoleta vichache palingoja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Maghanga wa Chawia, karani aliyenitangulia, mtu mfupi wa kofia ya sufi wakati wa baridi na wakati wa jua. Ukutani kwake palikuwa na misumari mirefu, na juu ya kila msumari jina la mahali kwa chaki. Karatasi ikifika, unasoma jina, unaichomeka kwenye msumari wake. Bura kwa Bura, Chala kwa Chala. Ijumaa unashusha msumari mmoja mmoja na kujumlisha. Hukugusa msumari wa pili kabla hujamaliza wa kwanza. Ukichanganya, atakufanya uanze upya, na wala hatakupigia kelele. Atakaa tu hapo akimenya chungwa hadi umalize.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa neno moja. Ukimsomea nambari tupu, alikuuliza, "Nini?"

"Arobaini na mbili, Mzee."

"Arobaini na mbili nini?"

"Si kilo, Mzee?"

"Wewe ndiye unaniuliza? Mimi nilidhani umeniletea mbuzi!"

Tukambandika jina Mzee Nini. Alilijua na alilipenda. Ukali wake ulikuwa na sababu, maana zamani karani mmoja aliandika "nyanya thelathini" akaishia hapo. Mnunuzi akaelewa kilo, akamtuma mtu na baiskeli. Yule mtu wa baiskeli akafika akakuta kreti thelathini zimepangwa hadi darini, na nyuma yake wakulima wanamwuliza atazifunga wapi. Kuanzia siku hiyo Mzee Maghanga alizunguka vituo vyote vya milimani akiwafundisha wapimaji: nambari yoyote, andika na kipimo chake. Kilo ni kilo, kreti ni kreti. Wengine walishika, wengine walisahau akigeuka tu. Chawia, kwao, walishika kama amri ya kanisani.

Mzee alipostaafu, akarudi kwake mlimani, na binti yake Mghoi akachukua mizani ya kituo cha Chawia, kwenye kibanda ambacho baba mtu alikijenga kwa mikono yake. Mimi nikabaki na misumari.

Kisha akaja Faith. Msichana wa Mwatate, katoka chuo juzi, kaajiriwa kutuingiza kwenye kompyuta. Siku ya kwanza alitazama misumari yangu akauliza kama ni ya kutundikia makoti. Nilimkasirikia kidogo. Lakini alikuwa na subira, na alikuwa na kicheko cha kuambukiza, na baada ya juma moja alikuwa ameziingiza karatasi zangu zote kwenye lahajedwali, ile karatasi ya kompyuta yenye visanduku. Safu moja ya majina ya mahali, safu ya mboga, safu ya uzito.

"Sasa Mama Risper, hii kitu ni rahisi," akasema. "Unaiambia mambo tatu tu. Kwanza, pahali pa kuangalia: hii safu ya majina. Pili, sharti: chukua ile imeandikwa Bura. Tatu, chenye itajumlisha: hii safu ya uzito. Basi. Inapita ikiangalia, ikikuta Bura inachukua uzito wake, ikikuta ingine inaruka."

"Faith! Lakini hiyo si ni misumari!"

"Misumari gani?"

"Misumari yangu! Inachomeka yenyewe!"

Akabonyeza, jumla ya Bura ikatokea. Nikajumlisha msumari wa Bura kwa kalamu. Sawa sawa! Hapo ndipo nilipopiga zile kelele za askari na rungu.

Baada ya hapo sikulala na njaa ya maswali. Nilimsumbua yule msichana vibaya sana. Je, inaweza kunipa spinachi peke yake, popote ilipotoka? Inaweza. Je, inaweza kunijumlishia mizigo inayozidi kilo hamsini tu, nijue mgongo wa mpakiaji wetu unabeba nini? Inaweza, unaandika alama ya kuzidi na hamsini. Je, masharti mawili, kabichi na ziwe za Bura? Kumbe kuna ndugu yake SUMIF wa masharti mengi! Nilikuwa nikitoka ofisini nikitabasamu peke yangu njiani, na mume wangu akaanza kuniuliza nimekula nini.

Tulikosea pia, tena kwa raha. Siku moja tuliipa fomula safu ya majina kuanzia mstari wa pili, na safu ya uzito kuanzia mstari wa tatu. Kila jina likapewa uzito wa jirani yake wa chini. Chala, kule kwenye joto karibu na ziwa, ikaonekana imetuletea shehena ya mboga siku tuliyoiandikia sifuri kwa kuwa lori la Taveta lilikuwa limelala gereji. Faith alicheka hadi akakaa chini. Shikeni hilo, vijana: safu ya kuangalia na safu ya kujumlisha zianze pamoja na ziishe pamoja, la sivyo mtawagawia watu jasho la wengine.

Shida yenyewe ilikuja na msimu uliofuata. Mwanzoni Faith ndiye aliyeingiza nambari zote kwa mkono wake. Sasa tukapanda ngazi: kila mpimaji akapewa ruhusa ya kuandika mwenyewe kwa simu, moja kwa moja kwenye jedwali letu. Unapima Chawia, nami nimekaa Voi naona mstari unatokea. Nilishangilia kama mtoto. Karatasi zikaisha, misumari ikabaki mitupu ukutani, na meneja mpya, mtu mnyoofu lakini mwenye haraka, akafurahi kuliko sisi sote.

Mwisho wa msimu akaitisha mkutano wa wapimaji wote pale stoo. Alikuwa ametundika ukutani mchoro wa nguzo, kila mahali na nguzo yake. Bura ilikuwa ndefu imenyooka, Mwatate nzuri, Chala si haba. Chawia ilikuwa kijinguzo cha kuchekesha, huwezi hata kukiona ukiwa umekaa nyuma.

"Sina ubaya na Chawia," meneja akasema. "Lakini angalieni. Lori linapanda kile kilima chote, kwa ile barabara ya matope, kuchukua mfuko wa pilipili hoho? Nadhani watu wa huko wanawauzia madalali. Kuanzia mwezi ujao lori litaishia Bura. Wa Chawia wateremshe mboga zao wenyewe."

Nilimtazama Mghoi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kwenda kanisani kwa ajili ya mkutano huo. Lori lisipofika Chawia, mboga za wazee wasioweza kuteremka na mizigo zingeozea shambani, na kile kibanda cha baba yake kingefungwa. Kila mtu mle ndani alilijua hilo. Kisha Mghoi akasimama.

"Meneja, mimi sijui madalali. Mimi napima kila siku ya lori. Watu wanapanga foleni mpaka nje. Hizo mboga zinaenda wapi?"

"Mama, mimi naangalia nambari."

"Na mimi naangalia watu! Uliza dereva!"

Dereva wetu, Mutiso, alikuwa ameegemea mlango. "Chawia napakia, meneja, napakia sana," akasema. "Nikifika Bura nafasi ni kidogo."

"Unapakia, lakini uzito hauonekani," meneja akajibu. Akasema kwa upole, na hilo ndilo lililonichoma zaidi, maana hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu nguzo zake.

Nilisimama bila kuinua mkono. "Meneja, subiri! Ile mizani ya stoo unayosema imeharibika, iliharibika lini?"

Wacha niwaeleze. Lori likifika Voi, tulipima mzigo wote kwa pamoja kwenye mizani kubwa ya stoo. Na msimu huo mzima ile mizani ilikuwa inaonyesha uzito mkubwa kuliko jumla ya vituo vyote. Mboga zilikuwa zinafika Voi nyingi kuliko zilivyoondoka shambani! Meneja alikuwa ameshamwita fundi mara kadhaa. Fundi anapima mawe yake, anasema mizani nzima, anaenda zake.

"Imeanza msimu huu," meneja akasema polepole.

"Msimu tulioanza kuandika kwa simu. Ama kabichi zinazaana njiani, ama kuna kilo ambazo kompyuta haikuziona! Faith, fungua jedwali. Nionyeshe Chawia peke yake."

Faith alikuwa ameshafungua kabla sijamaliza. Wapimaji wakatuzunguka, mtu ananipumulia shingoni. Mistari ya Chawia ikapangana kwenye kioo, mingi, mirefu, inateremka na kuteremka. Foleni ya Mghoi yote ilikuwa mle. Basi kwa nini jumla ni ndogo?

"Faith," nikasema, "kwa nini hizi nyingine zimelala upande wa kushoto?"

Katika safu ya uzito, nambari za Bura zote zilikuwa zimejibana kulia. Za Chawia chache zilikuwa kulia, na zilizobaki zote kushoto. Faith akasogea. Akasoma kisanduku cha kwanza kwa sauti: "Thelathini na nane kg." Cha pili: "Hamsini na moja kg." Akashika mdomo.

"Woi! Mama Risper! Ameandika kg ndani!"

"Kwani ni makosa?" Mghoi akauliza. "Baba alinifundisha nambari haiachwi uchi."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hili ndilo nililotaka kuwaachia. Kompyuta ukiiandikia thelathini na nane, inaona nambari, inaisukuma kulia. Ukiiandikia thelathini na nane kg katika kisanduku hicho hicho, inaona maneno, kama vile umeandika jina la mtu, nayo inayaacha kushoto. Na SUMIF haijumlishi maneno. Haikatai, haiulizi, hailii. Inakuta jina Chawia, inasema sawa, sharti limetimia, inaenda kuchukua uzito, inakuta maneno, inapita kimya. Zile chache zilizokuwa kulia ziliandikwa na jirani yake siku ambazo Mghoi alikuwa amempeleka baba yake kliniki. Jirani hakujali vipimo. Kwa hiyo kazi ya yule ambaye hakujali ilihesabiwa, na ya Mghoi, aliyefuata mafundisho yote ya Mzee Nini, ilirukwa msimu mzima!

"Unaweza kuitoa?" meneja akauliza. Alikuwa ameondoka kwenye mchoro wake, amesimama nasi.

"Dakika moja," Faith akasema. Akaiambia kompyuta itafute kila kg katika ile safu, na nafasi iliyo mbele yake, iweke patupu. Akanitazama. "Bonyeza wewe, Mama."

Nikabonyeza. Vijana, laiti mngekuwepo! Nambari zote za Chawia ziliruka pamoja kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo hapo ile jumla ikabadilika, na kwenye mchoro ulio ndani ya kompyuta ile nguzo, ile nguzo ya kuchekesha, ikapanda. Ikaipita Chala, ikaipita Mwatate, ikasimama karibu na Bura. Watu wakalipuka. Mutiso alikuwa anapiga mlango kwa kiganja akisema "Si niliwaambia? Si niliwaambia?" Mghoi alikuwa amekaa juu ya gunia la viazi, analia na kucheka, na kitenge cha kanisani kimejaa vumbi. Mimi nilikuwa napiga kelele tena, na askari wa getini safari hii hakuja.

Meneja akachukua jumla mpya ya vituo vyote, akaiweka kando ya uzito wa mizani ya stoo. Zikakaribiana, tofauti yake majani yaliyodondoka njiani tu. Akakunja ule mchoro wake, akauweka chini ya kiti.

"Lori litapanda Chawia," akasema. "Na mizani ya stoo naiomba radhi."

Faith alitaka kuwaandikia wapimaji wote siku hiyo hiyo kwamba ni marufuku kuandika kg. Nikamwambia ngoja kwanza. Kuna mtu wa kuulizwa.

Safari iliyofuata nikapanda lori na Mutiso hadi Chawia. Kuna ukungu kule asubuhi, na baridi ambayo mtu wa Voi hana nguo zake. Mzee Maghanga alikuwa amekaa kando ya kibanda, kofia ya sufi kichwani, blanketi magotini, anamenya chungwa. Macho yalikuwa yamechoka, lakini masikio yalikuwa yale yale. Ningemwambiaje kwamba kilo alizozipigania maisha yake yote tumezifuta kwa kubonyeza mara moja?

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akaweka chungwa lake chini.

"Kwa hiyo mtu ataandika thelathini na nane," akasema, "aache hivyo?"

"Ndiyo, Mzee. Ndani ya kisanduku, ndiyo."

"Na atakayesoma atajuaje ni nini?"

Nikampa simu yangu, nikayakuza maandishi. Juu kabisa ya safu, kwenye kichwa chake, tulikuwa tumeandika kwa herufi kubwa: UZITO KWA KILO. Akaisogeza simu karibu na pua, akaisogeza mbali, akasoma kwa midomo.

"Mmeiandika mara moja," akasema, "kwa ajili ya wote walio chini."

"Mara moja kwa wote, Mzee."

"Mimi nilikuwa nawaandikisha kila mstari." Akafikiri. "Ningejua hii, ningeokoa wino mwingi sana." Akacheka, na mimi nikapumua. Kisha akakunja uso. "Lakini huyo mashine wako hana adabu. Hajaelewa kitu, anapita kimya? Karani wangu asiyeelewa angeniuliza."

"Ndiyo maana tunaipima na mizani ya stoo, Mzee. Na tunaangalia nambari zilizolala kushoto."

"Angalieni kila siku," akasema, akanirudishia simu.

Mutiso akapiga honi. Watu walikuwa wameshapanga foleni hadi nje ya kibanda, na makabichi, na vikapu vya pilipili hoho, na bibi mmoja mzee sana mwenye fungu la spinachi kubwa kuliko yeye. Mghoi akaweka mzigo wa kwanza kwenye mizani, akangoja mshale utulie.

"Thelathini na tisa!" akaita.

Kutoka kwenye blanketi lake, bila kugeuza kichwa, Mzee Maghanga akauliza, "Nini?"

"Kilo!" tukajibu sote, foleni nzima, na Mutiso juu ya lori, na mimi kwa sauti kubwa kuliko wote. Mghoi akacheka, akainamia simu yake, akaandika thelathini na tisa tu, na nambari ikaenda kulia.